Kaza, Legeza

Saa tatu na robo asubuhi, Langoni.
Nimekaa kwenye kibao, fomu magotini,
naye juu ya kitanda cha kamba, miguu imegoma sakafuni.
"Bwanadi, gonga gumba kwa kidole cha shahada,
upesi, kwa upana, mara kumi."
Anagonga mara tatu. Ya nne inazama njiani
kama jina la mtu unayemjua.
Naandika: *tatu*. Kwenye jedwali letu
tatu ni kubaya. Haisemi zaidi.

Haisemi kwamba miaka arobaini alidarizi kofia,
uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe,
maua usiyoyaona
mpaka jua liyaguse kwa ubavu.

Siku ya ridhaa nilimsomea kurasa sita.
Nusu ya chupa zina dawa ya kulegeza misuli,
nusu zina wanga na chokaa,
nawe hujui, nami sijui,
anajua mtu mmoja Malindi aliyefungia siri kabatini.
"Yaani mwanipa fumbo nimeze?"
"Ndiyo, Bwanadi."
"Tia."
Akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu;
lilianza kama mlango,
likaisha kama tundu la sindano.

Njiani, nikimpisha punda wa mchanga,
niliwaza jinsi lugha yetu ilivyo ya kukaza.
Kaza moyo, tunamwambia mfiwa.
Kaza mwendo, mtoto wa chuoni.
Kaza uzi, aliwaambia wanafunzi wake,
kofia iliyolegea haijui kichwa.
Mtu aliyelegea hatumpi binti, hatumpi deni.
Nami nabisha hodi kwa watu
na vidonge themanini na vinne
vya kulegeza.

Wiki ya tatu, kiwiko
kilichokuwa kikishuka ngazi kwa ngazi, kikikwama kila ngazi,
kilishuka kama maji ya birika.
Mwanajaha, mkewe, akacheka mpaka akashika mlango.
Mkono ulikuwa bado ukitetemeka mapajani,
lakini ulitetemeka ukiwa wake.
*Sifuri*, nikaandika. Ni sisi tu, katika dunia nzima,
tunaofurahia kupewa sifuri.

Wiki ya tano akaanguka kizingitini mwa choo.
Hakuteleza. Magoti yaliachia tu,
yote mawili, kama watu walioambiwa wapumzike.
Kumbe ukakamavu ule uliomfunga
ndio uliokuwa ukimsimamisha.
Tuna neno moja kwa yote mawili,
la ugonjwa na la ushujaa,
na hakuna aliyenionya.

Mwanajaha hakunilaumu.
Aliniletea kahawa ya tangawizi, chungu,
akasimama mpaka nikaimaliza.
Malindi, kwenye simu, wakaliita *tukio*.
Tukio huenda safu ya tisa:
saa, mahali, je, dawa inahusika?
Ndiyo. Labda. Hapana.
Chini ya labda wino umekolea
kurasa zote za daftari langu.

"Una haki ya kuacha," nikamwambia,
"hakuna atakayekuuliza sababu."
Alikuwa na uvimbe juu ya jicho, wa rangi ya zambarau.
"Ngoya," akasema.
Akapapasa chini ya mto, muda mrefu,
sikumsaidia, tumefunzwa tusisaidie,
akatoa kofia ya mjukuu, nusu yake tupu.
Karibu na ukingo palikuwa na ua moja jipya,
limepinda, petali ya tano imekimbilia nje.
La wiki ya tatu.

"Hili mtalitia wapi?"

Nikageuza fomu, nikaigeuza tena.
Zilibaki safu mbili: uzito wa mwili
na tarehe ya kurudi.
Akapanda mzani, mkewe kashika kikwapa.
Nikaandika kilo hamsini na moja.
Tarehe nikaiacha wazi kidogo,
nikalitazama lile ua dirishani,
nikiligeuza huku na huku kutafuta jua.